Mbuzi wa Pili Kutoka Mwisho

Nina kibanda umiza, cha kuonyesha mpira kwenye runinga, hapa Chang'ombe ya Dodoma, nyuma ya maduka ya mchele, na kwa miaka niliyokiendesha nimeona watazamaji wa kila aina. Yupo anayemtukana kocha wa Ulaya kwa Kigogo kana kwamba atasikia. Yupo anayelipia mechi mbili akalala zote. Lakini mtu anayekuja kwenye mpira bila kuutazama mpira nimempata mmoja tu, Mzee Sostenes Ndahani, mpangaji wangu wa chumba cha uani.

Huyu mzee hukaa benchi la pembeni kabisa, pale ambapo shingo inauma, na macho yake hayatoki kwenye ule mstari anaokimbia mshika kibendera. Mpira ukipigwa juu sote tunainua vichwa, yeye hainui. Kibanda kizima kikiruka kwa goli, yeye ameshatulia, anajua limekataliwa, maana alikiona kibendera kabla yetu. Vijana walikuwa hawampendi kwa hilo. Mtu anashangilia kwa raha zake, akigeuka anamkuta mzee anatikisa kichwa kwa huruma. Wakamwita Mzee Kibendera, na kwa kuwa hakukasirika, jina likamganda.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa na yeye ni Mgogo, kwa hiyo hatuachi kutaniana. Nimemwambia mara nyingi kwamba ni Mgogo peke yake anayeweza kwenda harusini akakaa kumwangalia mpiga picha. Hucheka kile kicheko chake cha puani, akaniambia mpira una watu wengi wa kuutazama, haumhitaji yeye.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa bwana mifugo kule Mpwapwa, na siku za mapumziko alikuwa mwamuzi msaidizi, akianzia ligi za wilaya hadi ligi kuu. Mara mbili alipangwa kwenye mashindano ya CECAFA, yale yanayokutanisha timu za nchi zetu za Afrika Mashariki na Kati. Mara ya kwanza alikwenda Kampala, ya pili Khartoum. Ukimwuliza nani alichukua kombe, anakuna kichwa. Anachokumbuka Khartoum ni mashabiki waliokuwa nyuma ya mgongo wake, waliompigia kelele kwa Kiarabu tangu filimbi ya kwanza, asijue wanamtukana au wanaimba. Aliamua kwamba wanaimba.

Anasema kazi ile ina upweke kuliko hata kuchunga. Mchungaji akichoka huongea na ng'ombe. Mshika kibendera ana mstari wake, na nyuma yake ana watu ambao haruhusiwi kuwageukia, na siku akifanya kazi vizuri hakuna anayekumbuka kwamba alikuwepo. Nadhani ndiyo maana yeye huwatazama. Anaona vibaya mtu akimbie dakika zote tisini bila macho ya mtu hata mmoja.

Alihamia kwangu baada ya mkewe Hana kufariki. Alisema anataka kuwa karibu na hospitali kubwa, wakati mwenyewe ana afya kuliko mimi. Nyumba ya Mpwapwa ilimshinda, basi. Asubuhi nikiwasha mkaa namkuta ameshakaa mlangoni kwake, miwani puani, simu mkononi, anasubiri. Ujumbe ukiingia anausoma, anajibu, anaweka simu mfukoni, na siku yake inakuwa imeanza. Ulikuwa unatoka kwa Erica, mtoto wao wa pekee, anayeishi Mwanza. Nilimwonea wivu. Mwanangu Mudrick yuko Dar es Salaam na hunikumbuka akiumwa tu. Siku moja nikamwambia mzee kwamba ana bahati ya kuwa na mtoto anayemsalimia kila asubuhi ya Mungu. Alinipa simu nisome.

Shikamoo baba. Marahaba mwanangu. Chini yake, shikamoo baba, marahaba mwanangu. Nikapandisha juu, nikapandisha, kidole kikachoka, na hapakuwa na neno lingine. Hakuna habari ya mvua, hakuna nimeumwa na jino, hakuna nimemwota mama. Binti alikuwa anatoa heshima aliyofundishwa nyumbani, haikosi hata siku moja, na akishaitoa anafunga mlango. Bora asingeandika kabisa, maana mtu aliyenuna unaweza kumfuata ukagombana naye, lakini mtu anayekuamkia kila siku utamfuata kwa kosa gani?

Habari yenyewe alinisimulia msimu wa mvua, umeme umekatika na wateja wamekwenda makwao.

Erica alikipenda kibendera tangu mdogo, na mzee alimfundishia zizini. Asubuhi mbuzi wakifunguliwa kwenda malishoni alimpa fimbo iliyofungwa kitambaa, akamwambia atembee ubavu ubavu, uso kwa mbuzi, asimpite wala asiachwe na mbuzi wa pili kutoka mwisho. Ndiyo sheria ya kuotea hiyo. Mpira unapopigwa, mshambuliaji asiwe amekaribia goli kuliko mtu wa pili kutoka mwisho wa wapinzani wake. Mara nyingi mbuzi wa mwisho kabisa alikuwa jike mmoja kizee, mvivu wa kutoka zizini, na mzee alimwita kipa. Siku kizee yule alipopandwa na wazimu akakimbilia mbele ya wenzake, Erica alichanganyikiwa, akabaki sambamba na yule yule aliyezoea kumfuata. Baba yake akamwambia asiangalie ni mbuzi gani. Ahesabu kutoka mwisho, na atakayekuwa wa pili ndiye huyo.

Binti akakua, akawa mzuri kuliko baba. Wakati huo Hana alikuwa ameanza kuumwa, na alichokuwa anakingoja duniani ni kumwona Erica na beji ya FIFA, ya waamuzi wa kimataifa, kifuani. Ikapangwa mechi moja ya ligi ya mkoa pale Mpwapwa, na Erica alijua mechi hiyo ndiyo itakayomwinua. Mtathmini, yaani yule anayewapa waamuzi alama, alikuwa anatoka Dodoma mjini. Gari likamharibikia njiani, Mbande. Viongozi wakaangaza macho, wakamwona Mzee Sostenes amekaa jukwaani, mtu mwenye sifa zote, wakamwomba ashike nafasi ile.

Angekataa. Hata mimi nisiyejua sheria za mpira najua angekataa. Lakini aliona akikataa, waamuzi wote wa siku ile watarudi bila alama, na mmoja alikuwa ametoka mbali kwa bodaboda. Akakubali.

Erica hakukosea kitu. Mzee aliniapia kwa jina la marehemu mkewe. Lakini Mpwapwa yote ilijua yule ni mwanawe, na alipokaa kuandika alama alikuwa anawasikia watu masikioni mwake wakisema baba kambeba bintiye. Akampunguzia. Wengine wote aliwapa haki yao, wa kwake akampunguzia, akidhani hivyo ndivyo haki inavyoonekana. Kwa alama zile Erica hakupendekezwa kupanda daraja, na kabla nafasi nyingine haijafika, Hana alizikwa.

Kabla ya msiba Erica alimwuliza baba yake swali moja tu, jikoni, mama akiwa amelala chumbani.

"Nitajie kosa moja, baba."

Mzee alikuwa na nafasi ya kusema halipo. Aliinamisha kichwa akakoroga uji wa mgonjwa. Baada ya matanga Erica alihamia Mwanza, na beji yake aliipatia huko.

Nilimkasirikia sana jioni ile. Nilimwuliza ni nini kinachomzuia kupiga simu akamwambia ukweli. Akasema kibendera kikishapanda hukishushi mwenyewe, unangoja refa akuone akutikisie mkono, na refa wake hamtazami. Nikamwambia huo ni woga wa kawaida wa wanaume, ila wa kwake ameuvalisha jezi. Akakubali kwa kichwa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ukimsema mtu unataka naye ajitetee kidogo.

Mwaka huu waamuzi wa mashindano ya CECAFA ya wanawake, yaliyokuwa yanafanyika Uganda, walitangazwa. Mzee alisikia jina la Erica Ndahani redioni akiwa kwa kinyozi. Asubuhi ile ile alikuwa amepokea shikamoo yake, bila neno juu ya safari. Alirudi nyumbani ndevu zimenyolewa upande mmoja. Nilitaka kumtania nikashindwa, kwa jinsi alivyosimama pale uani akiwa hajui aende chumbani au arudi kwa kinyozi. Alikuwa na furaha na hakuwa na wa kumpa.

Akaniomba nimwonyeshe mechi za Erica. Nikamwambia hilo halina shida, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakicheza kibanda kitajaa, tutamshangilia wote. Akasema sivyo. Mwamuzi wa Tanzania hapangiwi mechi ya Tanzania. Siku kibanda kikijaa Erica hatakuwepo, na siku Erica akiwepo hatakuwepo mtu.

"Hawampi mtu mechi ya wa kwao," alisema taratibu. "Wanajua kwa nini. Mimi nilipewa nikapokea."

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki, mchana, upepo wa Dodoma unapiga mabati na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Ilikuwa Ethiopia na Burundi. Vijana wawili walichungulia wakauliza kama kuna mechi ya England. Nilipowaambia iliyopo waliniangalia kana kwamba nina homa, wakaenda zao. Tukabaki wawili kwenye mabenchi matupu. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kwa mara ya kwanza alikaa benchi la katikati, kwa sababu Erica alipangwa mstari wa mbali, ule unaotazamana na kamera.

"Atakuwa ametuelekea sisi," alisema.

Na kweli. Alitokea mrefu, mwembamba, nywele kazifunga nyuma, anakimbia ubavu ubavu. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini ile miguu ningeijua popote, huwa inapita uani kwangu kila siku. Tatizo ni kwamba mshika kibendera ana nusu yake ya uwanja tu. Mpira ukienda nusu nyingine kamera inaufuata, na Erica anatoka kwenye runinga. Hapo mzee aliendelea kutazama ukingo wa kioo alikopotelea, haondoi macho, hadi mpira urudi. Nami nikajikuta naomba urudi. Nani anashinda sikujali. Nilitaka wacheze upande wetu.

Dakika za mwisho walirudi. Burundi wakapiga kona, kipa wa Ethiopia akatoka kuufuata mpira, akaukosa, ukamwangukia Mrundi mmoja nje kidogo ya boksi. Akampasia mwenzake aliyekuwa karibu na goli, naye akafunga. Mimi nikaruka. Beki mmoja wa Ethiopia alikuwa amesimama pale pale kwenye mstari wa goli, nilimwona kwa macho yangu, sasa kuotea kungetoka wapi? Nilipotua, Erica alikuwa amesimama wima, kibendera juu.

Wachezaji wa Burundi wakamkimbilia, wakamzunguka, wakamwonyesha yule beki kwa vidole. Uwanja ukamzomea. Mtangazaji naye akasema hakuelewa. Erica hakurudi nyuma, mkono umenyooka, uso umetulia, na katika watu wote wale hapakuwa na hata mmoja wa upande wake. Refa akatembea hadi kwake, wakasemezana, goli likakataliwa.

Nikamwambia baba Erica kwamba safari hii mtoto kateleza. Nilipogeuka alikuwa analia, machozi yanaingia kwenye ndevu, hajifichi.

"Kipa ametoka," alisema. "Kizee kimekimbilia mbele. Yule unayemwona kwenye mstari ndiye wa mwisho. Mtafute wa pili."

Marudio yalipokuja nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. Wa pili alikuwa mbali huku mbele, na mfungaji alikuwa amempita. Nikaketi.

Jioni mitandao ikachafuka. Walimwita Erica kipofu, na mengine siwezi kuyaandika. Nilikuwa nayasoma kwa sauti kwa hasira, mzee akaniomba niache. Akasema inawezekana mpaka saa ile hakuna mtu aliyemwambia yule mtoto kwamba ameona sawa. Ulimi wangu hauna breki, nikamjibu kwamba hata siku ile ya Mpwapwa hakuna aliyemwambia.

Nikadhani nimemvunja. Kisha akaniomba nimwonyeshe namna ya kutuma sauti, maana kupiga aliogopa. Nikamshikia simu karibu na mdomo.

"Erica mwanangu, ni baba. Leo umehesabu vizuri. Lakini sikutafuti kwa ya leo, ya leo umejionea mwenyewe. Uliniuliza kosa la Mpwapwa. Halikuwepo. Hukukosea popote. Niliogopa watu. Na mama yako amekufa akidhani ulikosea, maana hata yeye sikumwambia. Nisamehe, mwanangu."

Niliachia kidole, sauti ikaenda. Baada ya muda zile alama mbili za chini ya ujumbe zikageuka bluu, yaani ameufungua. Tulingoja. Hakikuja kitu, mzee akaniaga akaingia chumbani kwake.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kama kawaida, miwani puani, simu mkononi. Mkaa ukashika, chai ikachemka. Simu haikulia. Jua likapanda hadi kivuli cha ukuta kikamwacha wazi, hakusogeza kiti. Nilimpelekea chai na kiazi, niliporudi nikakuta chai imeota utando na nzi yuko juu ya kiazi. Hiyo shikamoo haikuwa imekosa tangu binti aondoke, hata siku ya kuzaliwa ya marehemu, hata siku Erica mwenyewe alipolazwa kwa malaria na mzee akaja kuambiwa na watu.

"Nilikuwa nayo ile moja," alisema. "Sasa nimeipoteza na yenyewe."

Mimi ndiye niliyemchokonoa, na mimi ndiye niliyeshika simu. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye nikichambua mchele, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane sikuwa na utani wowote. Niliona wazi jinsi mtu anavyoweza kuishi kwa neno moja la adabu kwa siku, akalifanya chakula, na jinsi anavyobaki likikatwa. Nikamlaumu Erica moyoni, nikamlaumu mzee, nikajilaumu mimi, na mchele wangu nikautia mawe zaidi ya niliyotoa.

Adhuhuri ikapita. Ilikuwa karibu alasiri, nimeinuka nikachukue maji ya kutawadha, simu ikalia mlio wa ujumbe. Mzee alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Kisha akanipa nisome mimi.

Baba, umekula?

Basi, hayo tu. Hapakuwa na shikamoo. Mzee alinyoosha mkono akaichukua simu yake, akaishika kwa mikono miwili. Muda wote ule alikuwa na jibu moja la kuandika, na sasa halikufaa.

"Niseme nini?" aliniuliza.

Nikamwambia aseme ukweli. Akaandika, herufi moja moja, bado. Akaituma. Hata hajaifikisha simu mfukoni ikaanza kuita, naye akaniangalia kwa hofu, nikamfanyia ishara apokee.

Nilimwachia uani, nikaingia jikoni kubandika maji ya ugali. Dirisha langu halina kioo, kwa hiyo nilisikia. Kwanza alikuwa anasikiliza. Halafu alisema mvua bado. Akasema mlenda upo, huyu mama Mrangi anaupika vizuri. Akasema hapana, mbuzi alishawauza wote, hata kile kizee. Kisha akasema ndiyo, nakula peke yangu, tangu mama yako aondoke.